Akili Nzito, Damu Nyepesi: Historia Fupi Kutoka Bonde la Kilombero



Kuna maradhi ambayo sisi wanawake hatuyapeleki hospitali. Kichwa kizito. Unaingia jikoni, umesahau ulichofuata. Unasoma ukurasa mmoja mara tatu na hauingii. Unasimama kusali, rakaa zinakupotea. Bi harusi mtarajiwa ataitwa mvivu, aliyejifungua juzi ataambiwa ndiyo uzazi, na mwengine atajilaumu mwenyewe kuwa imani yake imepungua. Hapo tena tunaanza kuhangaika na dawa: asali, habasoda, kombe, vidonge alivyosifia jirani. Leo tunaomba tuvuke bahari twende bara, hadi Malinyi na Ifakara, kwa sababu yaliyowapata watu wa huko yanatufundisha swali la kuuliza kabla ya dawa yoyote: damu yangu ikoje?

Malinyi iko Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Siku hizi ni wilaya inayojitegemea, lakini zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Ulanga. Ni nchi ya mpunga. Mto ukifurika, tambarare hugeuka maji matupu, na msimu wa kilimo familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani kulinda mazao yao. Maji yale yale yanayoleta mpunga ndiyo yanayozaa mbu. Kwa miaka mingi malaria huko haikuwa ugonjwa wa kupita, ilikuwa ya kurudi na kurudi. Na kila homa ya malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Mwanamke akiongeza juu yake hedhi nzito, mimba zinazofuatana na minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, anabaki na damu nyepesi. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kuipeleka mwilini, ubongo ukiwemo. Zikipungua, mtu huchoka bila ya kazi, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, na mawazo hayatulii.

Mwaka 1957 mtaalamu kutoka Basel, Uswisi, Rudolf Geigy, alifungua maabara ndogo mjini Ifakara. Maabara hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoisikia leo. Miaka ya 1990 watafiti waliokaa na wenyeji wa Ifakara waliandika jambo ambalo sisi wa visiwani hatutalishangaa. Watu walijua vizuri kwamba malaria inaletwa na mbu. Lakini mgonjwa akipimwa na wadudu wasionekane, au akimaliza dawa na asipone, wapo waliosema kuwa hii si malaria ya kweli, au kuwa wachawi wamewaficha wadudu wasionekane kwenye darubini. Basi mgonjwa alikwenda kwa mganga kwanza ili kizuizi kiondolewe, kisha akarudi hospitali dawa ipate kufanya kazi. Tusiwacheke. Walikuwa wakitafuta maelezo ya ugonjwa usiokwisha, kama sisi tunavyosema jicho au sihiri. Hatari ilikuwa kwenye siku zilizopotea njiani, maana siku hizo damu iliendelea kupungua.

Dawa ya damu nyepesi ni madini ya chuma, wengi tunajua. Ila Ifakara iliuliza swali la pili: damu inapotelea wapi? Katika utafiti mmoja walifuatiliwa watoto wachanga 832 waliozaliwa mwaka 1995 katika hospitali moja ya huko. Waliopewa madini ya chuma, upungufu mkubwa wa damu ulishuka kwa zaidi ya robo. Waliopewa dawa ya kuzuia malaria, ulishuka kwa zaidi ya nusu. Maana yake ni nyepesi kufahamika: ukijaza ndoo yenye tundu, maji yatakwisha tu. Ziba tundu pia.

Tundu la Kilombero lilizibwa kwa chandarua. Kuanzia mwaka 1997, mradi ulioitwa KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na kwa hiyo Malinyi ya wakati ule ilikuwemo. Viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, na wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo walipewa hati ya punguzo kliniki. Watafiti walipopima watoto walio chini ya miaka miwili, waliolala ndani ya chandarua walikuwa na upungufu wa damu kidogo sana kuliko wasiokuwa nacho. Hati ile ya akina mama wa bondeni ilikuja kuwa mpango wa taifa zima mwaka 2004, Hati Punguzo, ambao wengi waliobeba mimba Tanzania Bara miaka ile wanaukumbuka.

Na sisi visiwani tuna historia yetu. Mwaka 2001 yalitangazwa matokeo kutoka Pemba: watoto wadogo waliopewa madini ya chuma waliendelea vizuri zaidi katika kusema. Yaani damu na akili vinakwenda pamoja. Lakini Pemba hiyo hiyo ilitupa onyo. Utafiti mwengine, mkubwa zaidi, uliowahusu watoto zaidi ya 24,000, ulilazimika kusimamisha utoaji wa chuma Agosti 2003, kwa sababu waliopewa bila ya kupimwa kwanza, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi, waliugua vibaya zaidi. Katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria, wale waliokuwa na upungufu kweli walinufaika. Hao walikuwa watoto wadogo, kwa hiyo mjamzito asije akatupa vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Tunachokisema ni kuwa dawa njema kwa asiyepimwa inaweza kuwa balaa.

Kwa sisi wakubwa pia ushahidi upo. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2007 uliwaangalia wanawake vijana. Waliokuwa na upungufu wa chuma walifanya vibaya kwenye majaribio ya umakini na kumbukumbu, hata wale ambao damu yao ilikuwa bado haijashuka. Walipotibiwa na chuma kikapanda, akili zao zilichangamka.

Basi dada, ukiona uzito wa kichwa umepita wiki kadhaa, nenda kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mjamzito ni chini ya 11. Mueleze daktari hedhi yako inavyokuja na siku zake, na usione haya. Mwambie kama unatamani udongo, barafu au mchele mbichi, maana ni dalili inayojulikana. Uliza kuhusu minyoo na malaria. Damu ikiwa nzuri na uzito bado upo, usikate tamaa: zipo sababu nyengine kama tezi la shingo, usingizi mchache na huzuni, nazo zina matibabu yake.

Nyumbani, dagaa, kunde na mchicha viwe sahani ya kila siku, na kamulia ndimu. Chai ya rangi iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula, kwani huzuia chuma kisiingie mwilini. Asali na habasoda tumia kama ulivyozoea, lakini visikae mahali pa kipimo.

Mabiharusi wetu hupimwa kanzu, viatu na pete kabla ya siku kubwa. Tunaomba na damu iwemo katika orodha hiyo. Mimba ya kwanza mara nyingi haichelewi, na inapoikuta damu nyepesi huichukua hata ile kidogo iliyobaki.