Msimbo Rahisi, Mji Usioandikwa: Akili Mnemba na Mwanzilishi wa Peke Yake Bujumbura

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, na hasa baada ya zana kama GitHub Copilot, Cursor na Claude Code kuenea, tumezoea kusikia kwamba mtu mmoja mwenye kompyuta anaweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji kikosi kizima cha wasanidi programu. Kwa Bujumbura, mji ambao mtaji wa kuajiri kikosi ni adimu, habari hiyo ina mvuto wa pekee. Makala haya hayaipingi. Yanachodai ni kwamba msaada wa akili mnemba hupungua nguvu palepale programu inapogusana na Burundi yenyewe, na kwamba hapo ndipo kazi ya mwanzilishi inapoanzia.

Mwaka 1986 mwanasayansi wa kompyuta Fred Brooks alitenganisha aina mbili za ugumu katika programu: ule unaotokana na zana, na ule uliomo ndani ya jambo lenyewe linaloshughulikiwa. Akili mnemba imeondoa sehemu kubwa ya ugumu wa kwanza. Fomu ya kujisajili, ukurasa wa kuingilia, majedwali ya hifadhidata, vyote hupatikana kabla chai haijapoa. Ugumu wa pili uko palepale ulipokuwa.

Tumchukue mwanzilishi anayejenga mfumo wa wavuti wa kukusanya karo, au minerivali kama wengi mjini wanavyoiita, kwa ajili ya shule za binafsi. Anaiagiza zana itengeneze sehemu ya malipo. Zana inafuata desturi iliyoizoea kwenye dola na yuro: kiasi kihifadhiwe kwa senti, yaani kizidishwe mara 100. Lakini katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, faranga ya Burundi haina desimali hata moja. Karo ya faranga 150,000 inahifadhiwa kama 15,000,000. Ndani ya mfumo hakuna anayeiona kasoro, kwa kuwa msimbo uleule uliozidisha ndio unaogawanya kabla ya kuonyesha, na majaribio yote yanapita. Kosa hujitokeza siku mfumo unapounganishwa na mwingine unaosoma faranga kama faranga, mzazi akadaiwa mara mia. Kuiga kazi ya jirani nako kuna mtego wake: shilingi za Kenya na Tanzania zimeorodheshwa kwa desimali mbili, shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda hazina.

Kosa hilo angalau lina kanuni iliyochapishwa. Anayeijua atalisahihisha kwa agizo moja. Suala la familia ni zito zaidi. Zana hukisia kwamba watoto wa nyumba moja wana jina moja la ukoo, ikapendekeza kuwapanga kwa jina hilo. Kwa desturi ya Burundi kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana, wala lisiwepo linalofanana na la baba. Tena anayelipa si lazima awe mzazi. Huenda ni mjomba aliyeko Dar es Salaam, au shangazi mwenye duka katika mtaa wa Buyenzi, aliyeweka benki kiasi kimoja kwa ajili ya watoto wote watatu, kisichotosha muhula, na kumpa mmoja wao stakabadhi aipeleke shuleni. Mhasibu atakigawaje kiasi hicho? Sawa kwa sawa, au amalize kwanza deni la yule wa darasa la mtihani? Hilo ni swali la utaratibu wa shule, na mhasibu analo jibu lake, ingawa hajawahi kuliandika popote. Zana isipoelekezwa itajichagulia jibu kimya kimya na kulipanga kwa msimbo safi kabisa. (Sijagusa namba za simu zenye tarakimu 8 baada ya +257, wala anwani zisizo na msimbo wa posta.)

Sababu haijajificha. Zana hizi zimejifunza kutokana na maandishi. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipolifungua mwaka 2017 jukwaa lake la Daraja la kuunganisha mifumo na huduma yake ya malipo ya M-Pesa, wasanidi wa Kenya waliandika mifano na mafunzo kwa wingi, na zana ikiombwa kuunganisha M-Pesa ina mengi ya kuegemea. Ikiombwa kuunganisha huduma za malipo kwa simu za Burundi, Lumicash au EcoCash, ina machache, na hatari ni kwamba itatoa msimbo wenye sura ileile ya kuaminika huku anwani na majina ya sehemu zake yakiwa ya kubuni.

Watakaosema zana zitaboreka wana haki, ila zinaboreka zaidi pale penye maandishi. Na hata hapo, hisia ya kasi inaweza kudanganya. Julai 2025 taasisi ya METR ilichapisha jaribio lililohusisha wasanidi wazoefu 16 na kazi 246. Kazi zilizoruhusiwa akili mnemba zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wasanidi wenyewe waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Zana za wakati ule zimeshapitwa, na wale walikuwa wakifanya kazi katika miradi waliyoijua kwa miaka; nisilifanye jaribio hilo kuwa rungu. Kinachonishughulisha ni lile pengo kati ya hisia na saa. Mwanzilishi wa peke yake hana mwenzake wa kumwambia, "Hebu ngoja kwanza."

Mwanasayansi wa kompyuta Peter Naur alidai mwaka 1985 kwamba programu, kwa hakika, ni nadharia iliyomo vichwani mwa walioijenga. Wakitawanyika, programu hufa, hata msimbo ukibaki. Kwa anayejenga na akili mnemba dai hilo lina uzito mpya. Zana haikukaa na mhasibu. Mwanzilishi akikubali msimbo bila kuuelewa, nadharia haimo kichwani mwa yeyote. Ndiyo maana daftari lake la kanuni, nani hulipa, deni lipi hutangulia, stakabadhi iliyopotea hushughulikiwaje, lina thamani kuliko msimbo ambao mshindani ataweza kuuzalisha upya kwa juma moja.

Upo pia ugumu wa dola. Usajili wa kawaida wa nyingi kati ya zana hizi ni dola 20 kwa mwezi, kwa kadi ya kimataifa, nazo shule hulipa kwa faranga. Mei 2023 bei rasmi ya dola ilipandishwa kutoka faranga 2,000 na ushei hadi zaidi ya 2,800, na bei ya mitaani imeendelea kuwa juu ya hiyo.

Lakini kwa kuwa zana huegemea maandishi, kinachostahili kudaiwa kwanza ni nyaraka: benki na kampuni za simu zichapishe hadharani, kwa Kifaransa chepesi, jinsi mifumo yao ya malipo inavyounganishwa, pamoja na mazingira ya majaribio yaliyo wazi kwa kila msanidi. Semina za namna ya kuiuliza akili mnemba hupata wafadhili kwa urahisi na hutoka vizuri kwenye picha. Nyaraka hazina sherehe ya uzinduzi. Pasipo nyaraka hizo, anayetaka kujua malipo yaliyobatilishwa huripotiwaje itambidi aende ofisini kuuliza. Akijibiwa atajibiwa kwa mdomo, na atakayemfuata mwezi ujao ataanza upya.