Kwa Nini Redio ya Noah Inaishia 90? Historia ya Vidude vya Redio za Magari, Kutoka Bondeni Kyela

Panda Noah ya Kyela kwenda Tukuyu, wahi siti ya mbele, halafu iangalie redio. Ni ileile iliyokuja na gari kutoka Japani, vitufe vina maandishi ya Kijapani, namba zinaanzia 76 na kugota 90. Mtangazaji anajinadi kuwa yuko 98, kioo kinasoma 82. Abiria mgeni anadhani redio mbovu. Wala sio mbovu. Nyuma ya dashibodi kuna kidude kidogo kama kiberiti, kimechomekwa kati ya waya wa antena na redio, na chenyewe ndicho kinachofanya kazi yote.

Ukifuatilia historia ya muziki ndani ya magari huku Bondeni, utagundua jambo moja: redio yenyewe haijawahi kutosha. Kila zama ilidai kidude cha pembeni.

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1930 kule Chicago, kampuni ya Paul Galvin ilitoa redio ya gari iliyoitwa Motorola, bei yake dola 110 mpaka 130, hela ndefu kwa wakati ule. Miaka miwili mbele, 1932, Blaupunkt ya Ujerumani nayo ikaleta ya kwake. Zilikuwa redio za valvu, na valvu zinataka umeme mkubwa kuliko unaotolewa na betri ya gari. Kwa hiyo baadaye kukawa na kifaa cha kutetema ndani yake, kinakatakata umeme wa betri ili uweze kupandishwa. Ukiwasha redio, unakisikia kabisa kinanguruma kabla ya mtangazaji. Mwaka 1955 Chrysler na Philco wakaja na redio ya gari ya transista tupu, na ule mngurumo ukafa.

Tanganyika matangazo yalianza 1951 na Sauti ya Dar es Salaam, ikaja Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, kisha 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee. Kwa karibu miaka thelathini Bara ilikuwa na redio ya serikali tu. Ukiwa na Land Rover au Peugeot 404 yenye redio, uhuru wako wa kuchagua ulikuwa kuwasha au kuzima.

Sasa iangalie Kyela ilivyokaa. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mashariki umekingwa na Milima ya Livingstone, kaskazini kuna Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960. Yaani uko chini ya ukuta. Enzi za masafa ya kati na mafupi hilo halikuwa tatizo kubwa, maana mawimbi ya aina hiyo yanaweza kufuata ardhi au kugonga angani na kurudi chini, hasa usiku. Shida ilikuwa kelele. Injini ya petroli inapiga cheche kwenye plagi, na kila cheche ni redio ndogo inayorusha makelele. Dereva akikanyaga mafuta, redio nayo inalia “zzzzz” kwa kupanda. Dawa yake ilikuwa kondensa inayofungwa kwenye dainamo na kwenye koili, pamoja na waya za plagi zenye ukinzani. Hicho ndicho kidude cha kwanza cha maana, na wanaokarabati Land Rover za zamani leo wanakisahau halafu wanalaumu redio. Dizeli haina plagi za cheche, ndiyo maana lori lilikuwa linasikika safi kuliko gari la bosi.

Lori lina kesi yake lakini. Fuso na Isuzu nyingi zina betri mbili, voti 24, wakati redio inataka 12. Wenye hela walifunga kifaa cha kushusha umeme. Wasio nayo waliiba voti 12 kutoka betri moja, redio ikaimba vizuri tu, ila betri moja inanyonywa na nyenzake inajaa kupita kiasi, mwisho zote mbili zinakufa. Mchezo huu bado upo mpaka leo, msijifanye hamuujui.

Halafu ikaja kaseti, na hapa ndipo mambo yalipogeuka kabisa. Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, ilipofika mwaka 1968 wakawa na redio kaseti ya gari. Kwa mara ya kwanza dereva akawa mhariri. Wakati RTD inasoma taarifa ya habari, yeye anaweza kuweka Mbaraka Mwinshehe, au Franco, au kwaya ya kanisani kwao. Hakuna aliyetunga sheria mpya ya utangazaji, hakuna aliyeandamana. Mtu alichomeka kaseti tu, na ndani ya lile gari RTD ikapata mpinzani.

Isionekane kama RTD ilikuwa mzigo, hapana. Ndiyo iliyobeba matangazo ya vifo na salamu za Ugua Pole, na kwa watu wa mbali na simu hilo halikuwa jambo dogo. Dereva mwenye redio alijua msiba kabla hajafika kijijini, na kuna safari ambazo kaseti ilizimwa makusudi ili tangazo lisikike. Ng’ambo ya Mto Songwe, Malawi ya Banda nako redio ya nchi ilikuwa MBC. Kwa hiyo hata mpakani, ambapo Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule wanasikilizana lugha, hewani kulikuwa na sauti mbili na zote za serikali. Kaseti haikuulizwa pasipoti.

Ila Kyela haikuwa rafiki wa kaseti. Huku ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko karibu zote nchini, na joto la ufukweni halina huruma. Mkanda ulioachwa juu ya dashibodi unajikunja kama bamia iliyokauka, uliohifadhiwa vibaya unaota ukungu mweupe. Kaseti ya dakika 90 ina mkanda mwembamba kuliko ya dakika 60, kwa hiyo inaliwa na redio kirahisi zaidi. Madereva wazoefu walishikilia ya 60 hata kama nyimbo ni chache. Vifaa vya ziada vya zama hizo vilikuwa vya kawaida: spiriti na pamba ya kusafishia hedi, bisibisi ndogo, na kalamu ya Bic ya kurudishia mkanda. Hiyo kalamu ilistahili kuuzwa pamoja na redio.

Mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani Dar, miaka ile ile ambayo magari yaliyotumika ya Japani yalikuwa yakimiminika bandarini. Na hapo ndipo balaa la 76 mpaka 90 lilipozaliwa. Japani, FM iliishia 90 kwa sababu juu yake kulikuwa na chaneli za televisheni. Ni baada ya kuzima televisheni ya analojia ndipo wakaongeza mpaka 95. Sisi FM yetu ni 88 mpaka 108. Yaani redio ya Kijapani na hewa ya Tanzania wanakutana kwenye kipande cha 88 mpaka 90 tu. Dar bahati yao: Radio One 89.5 na Clouds 88.5 zote zimo humo. Kuna mtu amekua akiamini baba yake anazipenda sana steshoni mbili, kumbe gari ndilo lilichagua.

Hapo ikaja bendi ekspanda, ndicho kile kidude cha kwenye Noah. Kinachukua mawimbi yote na kuyashusha kwa kiasi maalumu. Kikishusha 16, steshoni ya 98 inasomeka 82. Ila fanya hesabu: redio ina nafasi ya megahezi 14, hewa yetu ina 20. Lazima kitu kibaki nje. Ekspanda ya kushusha 12 inakupa 88 mpaka 102, zilizo juu ya hapo zimekula kwako. Ya kushusha 18 inakupa 94 mpaka 108. Dukani wanauza bila kukuuliza unasikiliza nini, halafu unarudi kulalamika kwamba kidude feki. Na kikikosa umeme, labda fyuzi imeungua, FM yote inanyamaza na fundi asiyejua atakuuzia redio mpya.

Huku Bondeni kuna ukuta ule ule tena. FM inasafiri kama mwanga wa tochi, haipindi mlima. Ukipanda kuelekea Tukuyu steshoni inakuja, kona inaikata, kona nyingine inairudisha. Ndiyo maana kaseti ilidumu, na ilipochoka ikaja kaseti bandia yenye waya: haina mkanda, ina kihedi kinachogusana na hedi ya redio na kupitisha muziki wa simu kwa sumaku. Baadaye kile kirusha FM cha kuchomeka kwenye shimo la kuwashia sigara. Kwenye redio ya Kijapani bila ekspanda kinabidi kiwekwe kati ya 88 na 90. Dar kinapigana na Clouds, ukienda mikoani kinapumua.

Sasa hivi watu wanazing’oa hizi redio kaseti na kufunga skrini kubwa. Sawa, gari ni lako. Shida ni kwamba kwenye makabati ya Kyela na Ipinda kuna kaseti za kwaya za Moravian na KKKT, nyingine zilirekodiwa mara moja tu, na walioimba wengine hawapo. Mashine za kuzisoma zinaondoka zikiwa kwenye magunia ya chuma chakavu.

Redio kaseti iliyong’olewa bado inafanya kazi mezani kwa betri ya voti 12. Kama nyuma ina matundu ya RCA, vuta waya kutoka hapo mpaka kwenye kompyuta na urekodi. Kama ina waya za spika tu, usiziunganishe moja kwa moja, zina nguvu nyingi na zitaunguza. Weka kile kipunguzi ambacho mafundi wa muziki wa magari hutumia kuunganisha ampilifaya. Na kaseti ikiwa na ukungu isafishwe kwanza, kwa sababu ukungu ukishika hedi utahamia kwenye kaseti inayofuata.