West Point 2014: Mtaa Uliofungwa kwa Siku 10

Hebu fikiria umeamka alfajiri kwenda kibaruani, ukakuta mwisho wa mtaa kuna seng'enge na askari wenye bunduki. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Ndivyo walivyoamka wakazi wa West Point, jijini Monrovia, Liberia, tarehe 20 Agosti 2014.

West Point ni ulimi wa mchanga kati ya Bahari ya Atlantiki na mto Mesurado. Makumi ya maelfu ya watu wamebanana humo kwenye nyumba za mabati. Siku nne kabla, umati ulikuwa umevamia shule iliyogeuzwa kituo cha wagonjwa wa Ebola. Wagonjwa wakakimbia, magodoro yakabebwa. Kwa hiyo serikali haikuogopa bure.

Hesabu nayo ilionekana safi. Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili, basi funga mtaa siku 21. Shida ni kwamba hesabu hiyo ilimfaa mtu mwenye akiba. Mvuvi au mchuuzi wa West Point hula alichopata leo. Maji hununua, choo hulipia na hukitumia na majirani wengi. Sasa ukimfungia, unamtenga na nani? Ebola huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na watu wale walikuwa wakisukumana kwenye foleni ya mchele wa msaada! Bei zikapanda. Wengine wakahonga, wakapenya. Siku ileile ya kwanza zilizuka vurugu, askari wakafyatua risasi, na mvulana wa miaka 15 akapoteza maisha.

Tarehe 30 Agosti kizuizi kikaondolewa. Kilichosaidia baadaye ni wakazi wenyewe kupita nyumba kwa nyumba kuulizia wagonjwa. Jirani hufunguliwa mlango. Mwenye bunduki hufichwa mgonjwa.

Miaka sita baadaye zamu ikawa yetu. Machi 2020 Kenya ilianza kafyu ya UVIKO-19, na Mei Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zikafungwa. Unakumbuka ulikuwa wapi?

Kufunga mtaa kunaweza kuwa lazima. Lakini ukisikia tena tangazo kama hilo, usiulize tu "siku ngapi?" Uliza pia: maji, chakula na choo vitatoka wapi, na nani atagonga mlango?