Beringi Huulizwa Namba

Mteja akifika kaunta kwetu Gerezani, Dar es Salaam, na kusema, "Nipe beringi za mbele za Hilux," namuuliza kwanza: "Za zamani ziko wapi, kaka?" Toyota wanatengeneza Hilux tangu 1968. Katika muda huo ekseli zimebadilika, habu zimebadilika, kuna inayovuta kwa magurudumu mawili na kuna ya manne. Jina la gari halitoshi. Kinachotosha ni namba iliyochongwa ubavuni mwa chuma chenyewe, na mafundi wa nchi hii walijifunza kuisoma katika miaka ya shida kubwa.

Chuma hicho kilianzia kwenye magari ya farasi. Henry Timken, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa akiunda magari hayo mjini St. Louis, Marekani. Gari lenye mzigo likikata kona, uzito haukandamizi kuelekea chini peke yake, unasukuma pia gurudumu kwa ubavu. Mwaka 1898 yeye na mpwa wake, Reginald Heinzelman, walipata hataza ya beringi yenye rola nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, zinazozunguka ndani ya ringi iliyochongwa mshazari. Umbo hilo hubeba mizigo yote miwili kwa pamoja. Baadaye kidogo kiwanda kilihamia Canton, jimbo la Ohio. Ukifungua habu ya mbele ya pikapu nyingi za zamani utakuta wazo lile lile: beringi mbili zimegeuziana, ndogo upande wa nje, kubwa upande wa ndani.

Huko Sweden, Sven Wingquist alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo mjini Gothenburg. Jengo lilikuwa juu ya udongo unaotitia, shafti zikawa zinapoteza mstari na beringi zinakufa. Mwaka 1907 akabuni beringi ya gololi inayojirekebisha yenyewe, na kampuni ya SKF ikazaliwa. Wajapani nao wakaingia, NSK mwaka 1916. Thamani ya vitu hivi ilionekana wazi katika Vita Kuu ya Pili: Oktoba 1943 Wamarekani walipoteza ndege 60 kwa siku moja walipokwenda kuvipiga viwanda vya beringi vya Schweinfurt, Ujerumani, na Waingereza walikuwa wakirusha ndege ndogo za Mosquito usiku kwenda Stockholm kufuata beringi za Kiswidi. Watu walikufa kwa ajili ya kitu ambacho leo kinawekwa kaunta kwenye kipande cha gazeti.

Kwetu, shida ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa na haukufunguliwa hadi 1983. Mwishoni mwa 1978 vita vya Kagera vikaanza. Fedha za kigeni zikaadimika, na biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa mashirika ya umma. Mwenye Datsun au Peugeot 404 pikapu ambayo tairi lake limeanza kuvuma hakuwa na duka la kukimbilia.

Mjomba wangu, aliyenifunza kazi hii, alikuwa fundi wakati huo. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila beringi iliyopita mkononi mwake, iwe ya gari, pampu ya maji au mota ya mashine ya kusaga, aliandika namba yake, shimo la ndani, kipenyo cha nje na unene. Kwa daftari hilo alijua kuwa beringi ya mota iliyokufa mtaa wa pili ingeweza kuingia kwenye jenereta ya gari la mteja wake. Alipima kwa kaliper, kwa makisio ya macho hakufunga kitu.

Kwenye daftari hilo ndiko nilikojifunza kwamba katika beringi nyingi za milimita, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizizidisha kwa tano unapata shimo la ndani. 6205 ni milimita 25. 30205 nayo ni 25, na kwa nje zote mbili ni 52. Hapo Mjomba alikuwa amepiga mstari mwekundu, kwa sababu 6205 ni ya gololi na 30205 ni ya rola za mshazari. Shimo ni lile lile lakini kazi ni tofauti, na ya pili ina unene wa milimita 16.25 dhidi ya 15. Kuna fundi atakayekubali kuibadilisha kwa sababu "imeingia". Gari hilo likibeba viazi kuteremka mlima Sekenke, mwenye kulipia ni dereva na utingo wake.

Nyingine ziliandikwa kwa inchi. LM11949 ina shimo la milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi kamili. LM67048 ni 31.75, inchi moja na robo. Vipimo hivyo vya Kimarekani utavikuta hata kwenye magari ya Kijapani, na ringi ya nje ina namba yake peke yake: LM11910, LM67010. Asiyejua hilo hununua nusu ya beringi akadhani amemaliza.

Machi 1983 msako dhidi ya wahujumu uchumi ulipoanza, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, wenye maduka waliogopa kuonekana na shehena yoyote. Mjomba alisimulia kuwa spea zilizidi kupotea. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mali bila kuulizwa wamezipata wapi. Pikapu zikaingia kwa wingi, na beringi nazo zikafuata. Nashukuru kwa mabadiliko yale, yametulisha. Lakini naamini ndipo ujuzi wa daftari ulipoanza kufa, maana vijana walianza kununua kwa boksi. Na boksi ni karatasi. Anayeweza kuchapa kalenda anaweza kuchapa jina la SKF au Koyo.

Kwa hiyo nasema kwa uzito wote. Usimruhusu fundi kuweka beringi mpya ndani ya ringi ya nje ya zamani. Ringi hiyo imekwisha kula njia ya rola nyingine. Badilisha na sili, osha habu mpaka grisi ya zamani iishe. Nati ikazwe huku tairi likizungushwa, kisha ilegezwe kidogo, ndipo pini ipite. Ukija dukani, leta beringi ya zamani nzima, imefutwa, namba zionekane, uzilinganishe na za mpya kwa macho yako. Muuzaji akikataa kufungua boksi mbele yako, nenda duka linalofuata.