KALIBU NA KALIBA: HISTORIA FUPI YA KUCHAGUA KIPENYO CHA BUNDUKI YA GUMEGUME

Neno kaliba limekwisha ingia katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo silaha, uwindaji na hifadhi ya wanyama. Waandishi hulitumia mara kwa upana wa tundu la bunduki, mara kwa unene wa risasi, na mara kwa namba tu iliyochorwa juu ya silaha. Madhumuni ya makala haya ni kueleza asili ya mkanganyiko huo kwa kufuata historia ya silaha moja, yaani bunduki ya kuwindia ya gumegume yenye mifuo, na kisha kupendekeza istilahi zitakazotenga vipimo vilivyochanganywa. Tumeichagua silaha hiyo kwa sababu mwenye kuitumia hakuwa akinunua risasi dukani zikiwa tayari. Alizisubu mwenyewe kwa moto wake, na kwa hiyo hapakuwa na kipimo alichoweza kukidharau.

Bunduki ya gumegume na maneno yake

Bunduki ya gumegume huwashwa kwa cheche. Jiwe gumu hushikwa na mtambo. Mtambo ukifyatuliwa, jiwe hugonga kipande cha chuma, na cheche huangukia baruti kidogo iliyowekwa katika kisahani kando ya kasiba. Moto hupenya tundu dogo hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani. Mtambo huu ulipata umbo lake kamili Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, na kwa kawaida sifa hiyo hupewa fundi Marin le Bourgeoys wa mji wa Lisieux. Ulitumika kwa zaidi ya miaka 200, hata ulipoondolewa na fataki katika karne ya 19.

Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika jambo hili. Tunayo gumegume yenyewe, gobori kwa bunduki ishindiliwayo kwa mdomo, kasiba na mtutu, mdeki wa kushindilia, baruti, fataki, na marisau kwa risasi ndogondogo. Hata neno bunduki lina habari ya kipimo ndani yake. Limetoka katika Kiarabu, ambamo bunduq ni aina ya kokwa. Kisha likawa jina la kidonge kitupwacho kwa upinde, na mwishowe likahamia kwenye silaha itupayo kidonge hicho. Silaha ilipewa jina la kitu kitokacho ndani yake.

Neno lililotumiwa na Wazungu kwa kipimo cha tundu la bunduki nalo lilipita njia hiyo hiyo. Wataalamu wengi wa asili ya maneno hukubali kwamba neno la Kifaransa na la Kiitalia ambalo sisi tumelipokea kama kaliba lilitokana na neno la Kiarabu qalib, lenye maana ya chombo cha kusubia au cha kuumbia. Neno hilo hilo Kiswahili kililipokea moja kwa moja, bila kupitia Ulaya, nalo ni kalibu. Kwa hiyo kalibu na kaliba ni ndugu wa baba mmoja, waliofika nyumbani kwa njia mbili na kwa nyakati mbili. Historia ya bunduki ya Pennsylvania itatuonyesha kwamba undugu huo haukuwa wa jina tu.

Mafundi wa Pennsylvania

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, wahamiaji waliosema Kijerumani walifika katika koloni la Pennsylvania, Marekani, na baadhi ya mafundi wao walifungua karakana katika sehemu za Lancaster. Kwao walizoea bunduki fupi na nene za kuwindia, zenye kasiba iliyochorwa mifuo ya kuzunguka kwa ndani. Mifuo hiyo huizungusha risasi ipate kwenda sawa. Upana wa kasiba nyingi za aina hiyo ulikuwa kati ya milimita 14 na 19.

Katika misitu ya Marekani mahitaji yalikuwa mengine. Mwindaji aliweza kukaa mbali na maduka kwa majuma au miezi, na madini ya risasi pamoja na baruti vilikuwa vitu vya kununuliwa na kubebwa mgongoni. Mnyama aliyetafutwa zaidi alikuwa kulungu wa huko, ambaye hahitaji risasi kubwa. Polepole mafundi walirefusha kasiba hata ikapita sentimita 100, na wakapunguza upana wake hata ukawa, kwa bunduki nyingi, kati ya milimita 10 na 13.

Sababu ya kupunguza inaeleweka kwa hesabu. Uzito wa risasi ya mviringo hauongezeki kwa kadiri ya upana wake. Huongezeka kwa mchemraba wa upana huo. Risasi ya milimita 10 ina uzito wa gramu 6 hivi. Ikiongezwa upana kwa robo tu, ikawa milimita 12.5, uzito wake hukaribia gramu 12, yaani karibu mara mbili. Ratili moja ya Kiingereza, ambayo ni gramu 454 hivi, hutoa risasi 18 za milimita 16, lakini hutoa risasi 50 za milimita 11.5. Kwa mtu aliyebeba ratili nne za risasi kuingia msituni, tofauti hiyo ilikuwa ni shabaha 72 au shabaha 200.

Hata hivyo udogo nao una mpaka. Risasi nyepesi husukumwa na upepo na hupoteza kasi upesi, na mnyama mkubwa akipigwa kwayo huenda akakimbia na jeraha lake akafie mbali, asimfae mwindaji wala mtu mwingine. Risasi ya milimita 8, yenye uzito wa gramu 3, ilitosha kwa kindi. Kwa kulungu, wawindaji wengi walitaka milimita 11 au zaidi. Wasafiri walipovuka kuelekea magharibi mwanzoni mwa karne ya 19 na kukutana na nyati wa Marekani na dubu wakubwa, upana ulirudi kuongezeka. Bunduki ya mifuo ya jeshi la Marekani ya mwaka 1803, iliyotengenezwa Harpers Ferry, ilikuwa na kasiba ya inchi 0.54, yaani milimita 13.7.

Uchaguzi huu haukwisha na karne ile. Jimbo la Pennsylvania lilianzisha msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume mwaka 1974, na kanuni za uwindaji huo ziliweka kiwango cha chini cha inchi 0.44, yaani milimita 11.2 hivi. Kanuni hiyo yasema jambo lile lile walilolijua wawindaji wa kale: chini ya kipimo fulani, kumpiga mnyama ni kumtesa.

Bunduki na kalibu yake

Je, fundi wa Lancaster alimpa mteja wake namba gani? Mara nyingi hakumpa namba, alimpa kalibu. Kila kasiba ilichimbwa kwa mkono na haikulingana kabisa na nyingine; kwa hiyo fundi alitengeneza pamoja na bunduki kalibu ya chuma ya kusubia risasi zake. Kasiba ilipolika kwa kutu na matumizi, ilirudishwa karakanani ikachongwa upya, ikawa pana zaidi, na kalibu nayo ikabidi ibadilishwe. Mtu aliyepoteza kalibu yake alibaki na bunduki isiyo na chakula. Kipimo alichokitaja mwindaji kwa hesabu kilikuwa idadi ya risasi zipatikanazo katika ratili moja.

Tena risasi iliyotoka katika kalibu haikuwa sawa na upana wa kasiba. Ilikuwa ndogo kidogo, ikavikwa kiraka cha kitambaa kilichopakwa mafuta, kiraka kikajaza mifuo. Kasiba ya milimita 12.7 hupewa risasi ya milimita 12.4 hivi. Hapa ndipo ilipo hatari ya istilahi moja kubeba maana mbili. Msomaji akiambiwa kwamba kaliba ni 12.7, naye akadhani kwamba huo ndio unene wa risasi, atasubu risasi isiyoweza kuteremka pamoja na kiraka chake. Itakwama katikati ya kasiba, mbali na baruti, na bunduki ikifyatuliwa katika hali hiyo kasiba yaweza kuvimba au kupasuka mkononi mwa mwenyewe.

Kwa nini Kiswahili kilinyamaza

Bunduki nyingi za gumegume zilizofika Afrika ya Mashariki katika karne ya 19, pamoja na zile zilizopitia Unguja kwenda bara kununua pembe za ndovu, zilikuwa na kasiba laini isiyo na mifuo. Bunduki ya namna hiyo haichagui sana. Ile ya kale ya jeshi la Uingereza ilikuwa na kasiba ya milimita 19 na risasi ya milimita 17.5, na nafasi iliyobaki iliachwa makusudi ili ipakike upesi. Aliyekosa risasi alitia marisau, na aliyekosa marisau alitia vipande vya chuma.

Kisha sheria ikaingia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, ukitaja hasa bunduki za mifuo, na ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki za kisasa zilikuwa zimekwisha ingia kwa wingi kabla ya hapo, lakini sheria ilikusudia kwamba mwananchi wa kawaida abaki na gobori. Twaona kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya lugha yetu kuwa na maneno imara kwa gobori na sehemu zake, na kutokuwa na neno lililokubalika kwa mifuo wala kwa kipimo chake. Watu hawakosi neno kwa uvivu wa fikra. Hukosa neno la kitu walichozuiwa kukishika.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo twapendekeza yafuatayo:

1. Kalibu ibaki kuwa chombo cha kusubia risasi, kama ilivyo kwa vyombo vingine vya kusubia, na isitumiwe kamwe kwa upana wa kasiba.

2. Kipenyo cha kasiba kitumike kwa upana wa tundu, ukipimwa kabla ya kina cha mifuo.

3. Kipenyo cha risasi kitumike kwa unene wa risasi yenyewe. Kipimo hiki huweza kuwa kidogo kuliko kipenyo cha kasiba, kama katika bunduki ya gumegume, au kikubwa zaidi, kama katika bunduki ya .303 iliyojulikana sana katika majeshi ya kikoloni, ambayo risasi yake ya milimita 7.9 hubanwa katika kasiba ya milimita 7.7.

4. Idadi kwa ratili itumike kwa kipimo cha bunduki za marisau. Mwandishi akumbuke kwamba hapa namba ikikua upana hupungua: namba 12 ni milimita 18.5, na namba 20 ni milimita 15.6.

5. Bunduki ya mifuo itumike kwa ile yenye mifuo, ili gobori lisichanganywe nayo.

6. Kaliba, kwa kuwa limekwisha enea, liachwe liwe jina la jumla la aina ya silaha na risasi zake. Penye kupima, mwandishi alazimike kutaja kipimo anachokikusudia.

Yawezekana kwamba wahunzi na wawindaji wa sehemu mbalimbali wanayo maneno bora kuliko haya, hasa kwa mifuo na kiraka. Tunawaomba wasomaji wanaoyajua watuandikie, wakitaja mahali neno linapotumika na kazi linayoifanya. Neno lililokwisha kaa kinywani mwa fundi lina haki ya kusikilizwa kabla ya lile tulilolibuni mezani.