Rangi ya jani la nje la biri

Biri ni sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Ina sehemu tatu: ujazo wa ndani, jani la kufungia ujazo huo, na jani la nje ambalo jicho huliona na midomo huligusa. Rangi ya jani hilo la nje, kuanzia kijani hafifu hadi karibu nyeusi, ndiyo alama ya kwanza ambayo mvutaji huitumia kukisia ladha kabla hajawasha. Ni alama yenye manufaa, ila husomwa vibaya mara nyingi, hasa pale weusi unapochukuliwa kuwa ni ukali.

Jani la nje ni sehemu ndogo ya uzito wa biri, lakini kwa kilo ndilo ghali kuliko tumbaku yote iliyomo, kwa kuwa sharti liwe jembamba, linyumbuke, na lisiwe na tundu wala mshipa mnene. Wauzaji wengi hudai kwamba linachangia zaidi ya nusu ya ladha. Hayo ni makisio ya biashara, si kipimo. Mchango wake hutegemea unene wa biri: katika biri nyembamba jani la nje huwa sehemu kubwa zaidi ya kile kinachoungua, na katika biri nene ujazo hulimeza.

Majina ya rangi

Majina yanayotumika duniani kote yametoka katika biashara ya Kuba na kwa hiyo ni ya Kihispania. Candela ni ya kijani. Claro ni kahawia nyepesi, colorado ni kahawia inayoelekea wekundu, maduro ni kahawia iliyokolea, na oscuro inakaribia weusi. Katikati yake kuna colorado claro na colorado maduro. Mipaka haikuwekwa na mamlaka yoyote; biri ambayo kiwanda kimoja huiita colorado, kingine huiuza kama maduro bila kuvunja sheria.

Ndani ya viwanda vya Havana uteuzi ni wa kina zaidi kuliko majina hayo. Biri zikishasokotwa humwagwa mezani, na mteuzi wa rangi huzitenga kwa vivuli kadhaa vya kahawia ambavyo mtu asiyezoea hawezi kuvitofautisha. Kisha hupangwa sandukuni kuanzia iliyokolea zaidi upande wa kushoto hadi iliyo nyepesi upande wa kulia, ili sanduku likifunguliwa lionekane kuwa la rangi moja. Ni kazi ya ustadi mkubwa na inastahili heshima, lakini ni kazi kwa ajili ya jicho. Biri ya mwisho kushoto na ya mwisho kulia katika sanduku hilo hazitofautiani ladha kwa sababu ya kivuli hicho kidogo.

Rangi inavyopatikana

Jani bichi ni kijani kwa sababu ya klorofili. Likitundikwa ndani ya bani lenye hewa ya kutosha, bila moto, kwa mwezi mmoja na nusu hadi miwili, klorofili huvunjika na umanjano wa karotenoidi hujitokeza. Baadaye vimeng'enya vya jani lenyewe huzigeuza polifenoli kuwa kahawia. Mkulima wa tumbaku ya mvuke wa Tabora au Urambo ataliona jambo hili kwa upande wa pili: yeye hupandisha joto la bani jani likishakuwa la manjano, vimeng'enya vikafa, na ukahawia haupati nafasi. Candela hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, ila moto huwahi zaidi. Jani hukaushwa kwa siku chache likiwa bado kijani, na klorofili hubaki ndani yake. Ndiyo maana moshi wa candela una harufu ya majani mabichi na chai ya kijani. Wamarekani waliipenda mno katika miaka ya 1950 na 1960, hata biashara ikaiita chaguo la soko la Marekani, na kahawia ya kawaida ikaitwa chaguo la soko la Uingereza. Leo candela hutengenezwa kwa kiasi kidogo.

Jua nalo lina sehemu yake. Majani ya juu ya mmea hupigwa na jua zaidi, hivyo huwa mazito, yenye mafuta na nikotini nyingi, na hukauka yakiwa yamekolea. Anayetaka jani jepesi na jembamba hana budi kulikinga. Mwaka 1900, huko Windsor katika jimbo la Connecticut, Marekani, wakulima walianza kulima tumbaku chini ya mahema ya kitambaa ili kushindana na jani laini la Sumatra lililokuwa likiwapokonya soko. Hapo ndipo lilipopatikana jani la kivuli la Connecticut, ambalo hadi sasa ni kielelezo cha claro. Ekuador haihitaji mahema mengi kwa kuwa mawingu hufunika mashamba yake karibu wakati wote wa kilimo. Wakuba nao hutandaza kitambaa juu ya mashamba ya Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río.

Jimbo lilelile la Connecticut hutoa pia jani la kinyume kabisa. Aina iitwayo Broadleaf hulimwa juani, hukatwa shina zima, na hutoa jani nene la kutengenezea maduro. Rangi, kwa maneno mengine, haitaji nchi wala udongo. Inataja aina ya mbegu, kiasi cha jua, na namna jani lilivyotunzwa baada ya kuvunwa.

Hatua ya mwisho ni uchachushaji. Majani yenye unyevu hulundikwa kwa maelfu, na lundo hupata joto lenyewe. Wafanyakazi hulipindua joto linapozidi, amonia hutoka, ukali hupungua, rangi hukolea. Jani la maduro huachwa katika joto kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Jani jembamba la kivuli lingechanika au kuoza likitendewa hivyo, kwa hiyo maduro hutengenezwa kwa majani manene kama Broadleaf, la San Andrés katika jimbo la Veracruz, Meksiko, na Mata Fina la Bahia, Brazili.

Wapo watengenezaji wanaokwepa kazi hiyo ndefu kwa kulipika jani kwa mvuke au kulipaka rangi. Huo ni udanganyifu na mnunuzi anaweza kuugundua. Maduro halisi lina mabaka na mishipa yenye kivuli tofauti. Jani lililopakwa huwa na weusi wa namna moja kila mahali, na huacha doa kwenye vidole na midomo.

Kinachofika kinywani

Claro huwa na ladha laini ya maziwa, njugu zilizokaangwa na mbao za mwerezi, na huungua upesi na sawasawa. Colorado huongeza viungo na harufu nzito zaidi. Jani la Kameruni, linalolimwa nchini humo na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati kutokana na mbegu ya Sumatra, ni la kahawia lenye vinundu vidogo vinavyoonekana kwa macho, na lina utamu wa viungo usiofanana na mwingine. Biri za Hemingway za Arturo Fuente zimelijengea sifa kubwa. Maduro huleta kahawa, kakao na matunda makavu, lakini kwa unene na mafuta yake huungua polepole, wakati mwingine upande mmoja, hivyo hutaka liwashwe kwa subira. Utamu wake hautoki hasa katika sukari, kwa maana tumbaku iliyokaushwa kwa hewa hubakiwa na sukari kidogo sana. Unatokana na harufu zilizozaliwa katika lundo na kupungua kwa ukali.

Kuhusu nguvu, mvutaji asiikisie kwa rangi. Nikotini nyingi ya biri imo katika ujazo, hasa ukiwa na majani ya juu ya mmea yaitwayo ligero. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi haizidi kafeini kwa sababu ya weusi huo; na biri ni hivyohivyo. Claro iliyojazwa ligero la Estelí, Nikaragua, inaweza kumzungusha mtu kichwa, na oscuro yenye ujazo mwepesi ikapita kwa upole. Tena moshi wa biri ni wa alkali, hivyo nikotini hupenya kupitia kinywa hata bila kuvutwa mapafuni. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu biri, ilithibitisha kuwa uvutaji wake husababisha saratani ya kinywa, koo, umio na mapafu. Rangi ya jani haipunguzi hatari hiyo.

Jicho na ulimi

Sehemu ya starehe inayohusishwa na rangi hutengenezwa na matarajio. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hakuna sababu ya kudhani kuwa mvutaji wa biri ana kinga dhidi ya jicho lake. Anayeona maduro tayari anatafuta kakao.

Njia ya haki ya kuupima mchango wa jani la nje ni kulinganisha biri zilizotoka nyumba moja, zenye umbo na ujazo uleule, zikitofautiana koti tu. Padrón, nyumba iliyoanzishwa Miami mwaka 1964, iliuza toleo lake la 1964 Anniversary kuanzia 1994, na toleo hilo hupatikana kwa jani la kawaida na kwa maduro. Atakayezilinganisha bila kuziangalia atajua ni kiasi gani rangi ilikuwa ikisema kwa niaba ya ulimi wake.

Kwa mnunuzi, sanduku lililoandikwa maduro au claro peke yake halijasema vya kutosha. Aulize mbegu ya jani la nje, nchi lilikolimwa, na ujazo umetoka wapi. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo matatu anauza rangi tu.