Zulia la Mihrabu na Mswala wa Ukindu: Makusanyo ya Makumbusho na Historia ya Ibada katika Pwani ya Mtwara

Mazulia ya kale ya kuswalia yaliyofumwa Gördes, Kula na Ladik, nchini Uturuki, yalipata wapenzi wake wakubwa mbali na misikiti. Kanisa Jeusi la Brașov, la Kilutheri, lina hazina yake tangu zama za biashara na dola ya Uthmaniya. Na mwaka 1922 James Ballard wa St. Louis aliikabidhi Metropolitan Museum ya New York mkusanyo wake mashuhuri. Wakusanyaji walivutwa na mihrabu iliyofumwa katikati, rangi na, zaidi ya yote, umri. Umri ukiwa na bei, hughushiwa: Teodor Tuduc wa Romania aliiga mazulia hayo kwa ustadi uliowahadaa hata wataalamu wa makumbusho.

Katika pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, ibada ileile ilitandikiwa mswala wa ukindu. Wanawake husuka ukili mwembamba, mrefu, kisha huushona ukingo kwa ukingo hadi upana utoshe. Penye nakshi, ukindu hutiwa rangi kabla ya kusukwa. Kazi hiyo ni ya siku nyingi, ingawa katalogi za minada hazina msamiati wake. Mswala huo hauhitaji mihrabu: anayeutandika ndiye anayeuelekeza kibla, ambako Mtwara ni karibu kaskazini kamili.

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipitia Lindi, Masasi na Newala, akarejea Ujerumani na shehena kubwa ya vifaa, zikiwemo barakoa za Wamakonde. Shabaha yake ilikuwa Wamakua, Wayao na Wamakonde wa bara. Mwislamu wa pwani hakuwa kiini cha utafiti huo. Kwa hiyo Mtwara inayofahamika Ulaya ni ya mti uliochongwa kuliko ukindu uliosukwa. Hali ya hewa nayo imechangia. Sufu iliyotunzwa hudumu karne kadhaa, ilhali ukindu huliwa na unyevu, wadudu na magoti ya waumini. Ukichakaa, husukwa mwingine. Mtafiti anayepima sanaa ya ibada kwa vilivyosalia kabatini atahukumu pwani hii kuwa maskini, na hukumu hiyo itakuwa ya kabati, si ya pwani.

Siku hizi miswala ya kiwandani yenye mihrabu, mingine ikitoka Uturuki kwenyewe, huuzwa madukani, na mara nyingine hutandikwa juu ya mkeka wa ukindu.